Rampa ya Muyinga na Kamba Yake

Mtu pekee aliyejengewa rampa katika chuo kikuu kimoja cha Muyinga ndiye mtu pekee aliyekatazwa kuipita. Mbuzi wa jirani wanaipita. Kuku wanaipita. Mvua ikinyesha, maji ya kilima kizima yanaipita bila kuomba kibali. Lakini mwanafunzi anayetembelea baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono, ambaye kwa ajili yake saruji ilichanganywa na hotuba zikasomwa, akifika asubuhi anakuta njia ile ya mteremko imezibwa kwa kamba, na mlinzi amesimama pembeni akimwomba msamaha.

Nitalifikia jambo hilo. Ninyi mliobaki ofisini mliniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu, na kazi haikuanzia Muyinga. Ilianzia Gitega, siku nilipoulizwa na mwanamke nisiyemjua kama nimewahi kubanwa na haja ndogo nikiwa kazini.

Nilikuwa nimetoka kufundisha. Nililelewa Kigoma, nikarudi nyumbani Burundi na Kiswahili cha Kigoma pamoja na tabia ya kuandika kila ninachokiona, na nadhani ni tabia hiyo iliyonipatia kazi. Ofisi yetu ilikuwa na jukumu linaloeleweka kwa sentensi moja: kuvisaidia vyuo vikuu kutekeleza mabadiliko yanayotakiwa na sheria. Neno "kusaidia" lilichaguliwa kwa uangalifu. Mkaguzi anaogopwa, msaidizi anapewa chai. Sheria inapitishwa, inatiwa saini, inasomwa redioni, kisha inafika kwenye lango la chuo na kusimama hapo kama mgeni asiyejua aingilie wapi. Sisi tulikuwa tukimwonyesha mlango. Mara nyingi mlango ulikuwa umefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda msibani.

Mwanamke aliyeniuliza swali lile alikuwa Mama Godeliva, mkuu wangu wa kwanza. Alikuwa ameongoza shule huko Mushasha, miaka mingi kati ya mapadri na watoto wa sekondari, na hakuna mwongo wa kundi lolote kati ya hayo mawili aliyemshinda. Alikuwa mfupi, amevaa sweta hata kiangazi, na alipozungumza nawe aliangalia viatu vyako.

"We Gaspari," aliniambia, "ulishaingia kwa ofisi ya watu ukiwa umebanwa na mkojo?"

Nikasema sikumbuki.

"Kesho utaingia hivyo. Kunywa chai mingi asubuhi."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa mzaha. Kesho yake tulikwenda chuo kimoja cha Gitega ambacho kilikuwa kimeandika, kwa karatasi nzuri, kwamba vyoo vya wanafunzi vimekamilika kama sheria inavyotaka. Mama Godeliva hakuuliza neno lolote kuhusu vyoo. Alisalimia, akasifu maua, kisha akasema: "Huyu kijana wangu anaomba kujisaidia." Watu watatu wakatazamana. Mmoja akanipeleka kwake nyumbani, ng'ambo ya barabara.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponieleza. "Usiwaulize kama kitu iko. Kila kitu iko. Omba kukitumia."

Hilo ndilo somo lote nililopewa, na mengine niliyojifunza baadaye yalikuwa maelezo yake. Wakikuambia maktaba ipo, omba kuazima kitabu. Wakikuambia intaneti ipo, omba kumtumia mama yako barua. Chuo hichohicho kilikuwa na mlango uliopakwa rangi mpya na maandishi makubwa: KITENGO CHA UBORA. Sheria ilitaka kila chuo kiwe nacho, kiangalie ufundishaji unavyokwenda. Niliomba kukaa humo dakika chache niandike. Ufunguo ulitafutwa hadi chakula cha mchana. Mlango ulipofunguka tukaona magunia ya maharage ya kantini na mashine ya kurudufu iliyokufa. Mkurugenzi hakuona aibu hata kidogo.

"Kitengo kiko," alisema. "Ni vifaa tu ndiyo havijafika."

Mama Godeliva aliyabonyeza magunia kwa kidole, akauliza kama maharage hayo ni ya msimu huu. Alisubiri tuvuke geti ndipo akacheka, na alinifundisha na hilo: cheka ukishavuka geti. Anayecheka ndani hapewi tena chai, na bila chai hutasikia lolote.

Nisiwafanye watu wa vyuo waonekane wabaya. Wengi niliowakuta walikuwa wakarimu na wachapakazi. Shida ni mahali walipoamini kazi inapoishia. Kwetu, jambo jipya haliwezi kuanza bila kupitishwa kwenye atelier, yaani mkutano wa kulipitisha. Mkutano una sala ya kufungua, hotuba ya mwakilishi wa yule aliyeshindwa kuja, mapumziko ya kahawa na sambusa, ubishi mkali kuhusu mkato katika ibara ya kwanza, chakula, usingizi wa heshima, na picha ya pamoja mbele ya jengo. Picha ikishapigwa, watu wanarudi nyumbani wakiwa na uchovu wa kweli wa watu waliotekeleza sheria.

Niliwahi kumuuliza mkuu wa idara moja kama utaratibu mpya wa masomo umeanza.

"Tulishaupitisha," akasema kwa fahari.

"Hongera. Wanafunzi wanaanza lini kuufuata?"

Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Mzee, mi nimekuambia ulishapita!"

Kesi iliyonipa taabu zaidi katika miaka ya mwanzo ilihusu wawakilishi wa wanafunzi. Sheria ilisema baraza la chuo liwe na mwanafunzi ndani yake. Chuo kimoja kilituletea jina haraka kuliko vyote, nikafurahi, nikaenda kumsalimia. Nikakuta mtu mwenye mvi kidevuni, ameketi kwenye ukumbi wa heshima, anajua majina ya wajumbe wote na watoto wao.

"Unasoma mwaka gani, ndugu?"

"Mi nilimaliza zamani," akasema kwa upole. "Lakini hawajapata mwingine mwenye kuwa na suti."

Nilipekua sheria nzima. Suti haikutajwa. Hata hivyo sikumshambulia mtu. Mtu ukimshambulia kwenye ukumbi wa heshima anajificha nyuma ya mapazia yake. Nilipendekeza tu kwamba kikao kimoja kifanyike darasani, kwa kuwa ukumbi ulikuwa baridi. Darasani, wajumbe walipokaa kwenye madawati wakiwa wamekunja magoti, hakuna aliyeuliza suti, na mwanafunzi wa kweli mwenye fulana ya mpira aliingia, akauliza kwa nini maji hukatika bwenini kila wiki. Mwenye mvi alistaafu uanafunzi siku hiyo. Nikajifunza kwamba mara nyingine kinachozuia sheria ni chumba tu, na watu hawana ubaya wowote.

Mtanisamehe niseme kidogo kuhusu vifaa, maana najua mnatembea na kompyuta peke yake. Mimi nilitembea na utepe wa kupimia, pima maji ya fundi wa ujenzi, na mpira mdogo wa tenisi. Mpira ni kwa ajili ya rampa. Uachie juu, kisha ushuke nao kwa mwendo wako wa kawaida. Ukifika chini pamoja nao, mtu mwenye magurudumu anaweza kupanda. Ukiukuta umevuka barabara, hiyo ni njia ya kuteremshia mbao. Wakuu wa vyuo wengi walibishana nami kuhusu vipimo vya utepe, lakini hakuna aliyebishana na mpira.

Hapo sasa tunafika Muyinga.

Mama Godeliva alikuwa amekwisha kustaafu, na sasa mimi ndiye niliyekuwa naangalia viatu vya wengine. Sheria iliyokuwa mezani ilitaka majengo ya vyuo yafikiwe na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu. Kutoka Gitega nilipitia njia ya Karuzi, nikafika Muyinga jioni, malori ya kwenda mpakani Kobero yakinguruma kilimani na sokoni Kiswahili kikisikika kila kona. Chuo chenyewe ni cha binafsi. Jina naliacha, na chuo hakitalalamika. Kimejengwa ubavuni mwa kilima. Sakafu ya chini ina ofisi ya rekta, yaani mkuu wa chuo, ukumbi wa mapokezi, na chumba cha wageni ambacho kinawasubiri wageni tangu kilipojengwa. Madarasa yote yako juu, na kupanda ni kwa ngazi.

Zayituni alikuwa anasoma sheria, mwaka wa pili. Miguu yake ilipooza utotoni. Baba yake, Hamadi, ni fundi cherehani jirani na soko, na yeye na mafundi baiskeli wa mtaani ndio waliomuundia binti ile baiskeli ya magurudumu matatu, yenye pedali za mikono na kiti cha povu kilichoshonwa kwa kitambaa cha makochi. Inapita popote Muyinga isipokuwa ngazini. Ngazini alikuwa anabebwa na wanafunzi wenzake wa kiume, wakipokezana.

Nilimkuta chini ya ngazi, nikamuuliza kama wenzake humbeba vizuri. Swali la kijinga, lakini maswali ya kijinga hujibiwa kwa ukweli.

"Wananibeba vizuri, baba. Hawajawahi kuniangusha," akasema. "Lakini we fikiria. Kila asubuhi vijana wanakushika miguu na mgongo, we uko unashika sketi na mutandio, na darasa lote liko dirishani. Siku moja sketi ikabaki kwa msumari. Baba yangu alikuwa amekuja kuniletea kitabu. Aliona. Alirudi kushona."

"Ulimwambia rekta?"

"Nilimwambia. Akasema niombee hao vijana baraka." Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti: "Mi niliapa. Nitafanya mitihani ya mwaka huu bila mtu kunibeba, ama nitaacha masomo nikae na baba kwa cherehani. Siyo tishio. Nimechoka tu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa hatarini, na naomba muyashike, kwa sababu kuanzia hapa wakubwa wengi watasema mambo mengi.

Rekta ni mtu mpole, msafi, mwenye sauti ya kusoma misa. Nilianza na njia fupi: darasa la Zayituni lishuke chini, kwenye kile chumba cha wageni.

"Bwana Gaspari," akasema, "na wageni wakija?"

"Watapanda juu. Wana miguu."

Akafumba macho kama mtu aliyesikia tusi kanisani. Basi tukakubaliana rampa. Kwa kuwa jengo liko ubavuni, upande wa nyuma kilima kinakaribia sakafu ya juu, na njia fupi ya saruji ingetosha kumfikisha Zayituni kwenye mlango wa darasa. Kazi alipewa fundi Bahati, mtu wa Uvira, Kongo, aliyekuja Burundi akikimbia vita na kubaki kwa sababu ya ndoa. Bahati alijenga vizuri kuliko alivyoombwa. Aliweka ukingo wa kuzuia gurudumu na akaikwaruza saruji ikiwa mbichi ili isiteleze. Niliachia mpira wangu juu. Nikashuka nao hatua kwa hatua kama tunakwenda sokoni pamoja.

"Mukubwa," Bahati aliniambia, "hii ata ng'ombe mugonjwa atapanda, atafika kule juu amepona."

Zayituni alikuja kuitazama kila siku ilipokuwa inakauka. Aliomba jambo moja tu: awe wa kwanza kupita. Kila mtu akasema bila shaka.

Siku ya kuipokea walikuja watu wengi. Mwalimu wa michezo alisoma hotuba, kwa sababu chuo kilimteua kushughulikia masuala ya ulemavu. Nilipouliza kwa nini yeye, nikaambiwa kwamba mambo ya miguu ni yake. Utepe ukakatwa. Wageni wakapanda rampa kwa miguu, wakashuka kwa miguu, wakapiga makofi. Zayituni aliwekwa safu ya mbele na kupigwa picha akiwa kando ya rampa, kisha akiwa kando ya rampa pamoja na rekta, kisha kando ya rampa pamoja na mgeni rasmi. Muda ukaisha, kukawa na chakula. Wa kwanza kupita, wakamwambia, atakuwa kesho.

Kesho yake kulikuwa na kamba.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya kazi za ujenzi kwetu, kwa ajili ya wenye bahati ya kutoijua. Jengo hupokelewa mara mbili. Fundi akimaliza, kuna mapokezi ya muda. Kisha kipindi kinapita, jengo linatumiwa, watu wanaangalia kama litapata nyufa, na ndipo tume inakuja kufanya mapokezi ya mwisho. Zahanati zote, shule zote na madaraja yote ya nchi hii yamepita humo. Kati ya mapokezi hayo mawili wagonjwa wanatibiwa, watoto wanasoma, malori yanavuka. Sijawahi kusikia mtu akikataa kuvuka daraja mpaka lipokelewe mara ya pili.

Rekta alikuwa amelifikiria jambo hilo mwenyewe.

"Tuko kwenye mapokezi ya muda," aliniambia. "Rampa ikipata ufa sasa hivi, tume itasema nini? Kwa hiyo tunaitunza."

"Lakini, Bwana Rekta, tume inakuja kuona kama imestahimili kutumiwa."

"Ndiyo maana sitaki iharibike."

"Ikiwa haijatumiwa, watapima nini?"

"Watapima kwamba haina ufa." Akatabasamu kwa upendo, akanimiminia chai. "Iko nzuri sana, Bwana Gaspari. Hata wewe ulisema."

Katika kazi hii nilikutana na wakaidi, wavivu, na waoga. Najua namna ya kuzungumza na kila mmoja wao. Huyu hakuwa mmoja wao. Huyu alikuwa anaitunza rampa kama bibi anavyotunza sahani za harusi, na mtu wa namna hiyo sheria haina ibara yake.

Fundi Bahati alikuja mwenyewe kuiona kamba. Alitikisa kichwa muda mrefu. "Mi nilijenga ya kutembelea," akasema. "Haiko ya kuangalia. Ikipasuka niiteni, mi nitatengeneza bule." Rekta alimshukuru, akasema moyo huo ndio unaolifanya taifa liende mbele, na kamba ikabaki.

Kila ninayemsimulia huniuliza: kwa nini Zayituni asiinue kamba tu akapita? Sababu ni Mzee Salvatori, mlinzi. Alipewa amri kwa maandishi: ufa wowote utakaoonekana, yeye ndiye atakayeulizwa. Ana umri wa kutopata kazi nyingine. Kila asubuhi humwambia Zayituni, "Mwanangu, unisamehe," na Zayituni humjibu, "Nakuelewa, muzehe," kisha baiskeli inageuka. Nilimwonyesha Mzee Salvatori mbuzi aliyekuwa anapita chini ya kamba wakati huohuo.

"Nimemuona," akasema. "Lakini mbuzi hawakumuandika."

Nilipeleka suala Gitega. Nikajibiwa kwamba linachunguzwa, jibu ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimewaandikia wengine mara nyingi, na sasa nikajua ladha yake. Zayituni alikuwa amekwisha acha kupanda. Aliketi chini, wenzake wakimletea maandishi ya somo na kumsomea wakati wa mapumziko. Mitihani ilikuwa inakaribia, na mitihani haishuki ngazi.

Ilibaki njia moja: kuharakisha mapokezi ya mwisho. Niliomba, nikaandika, nikapiga simu, na tume ikakubali kuja mapema. Taratibu zilitaka tume iwe na mwakilishi wa watumiaji, na rekta, kwa nia njema kabisa, akamteua Zayituni. "Nani anafaa kuliko yeye?" aliniuliza. Nilikubali. Sote tulikuwa tumefurahi kiasi kwamba hakuna aliyeuliza kikao kitakuwa wapi.

Kikao kilikuwa juu.

Siku hiyo ilikuwa ziara yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Wajumbe walipanda ngazi, wakaketi, wakafungua chupa za maji. Mwenyekiti, mhandisi mstaafu mwenye sauti ya kuzoea viwanja vya ujenzi, aliuliza mwakilishi wa watumiaji yuko wapi. Tukatoka barazani. Zayituni alikuwa chini, penye kamba, amevaa mtandio mpya wa bluu ambao bila shaka baba yake aliushona kwa ajili ya siku hiyo.

"Binti, tunakungoja! Panda!" mwenyekiti akaita.

"Kwa njia gani, mheshimiwa?"

Mwenyekiti akamtazama rekta. Rekta akaitazama rampa.

"Hiyo bado haijapokelewa," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi vijana wakubebe!"

"Mi siyo muzigo."

"Ni siku moja tu!"

"Hata jana ilikuwa siku moja tu, mheshimiwa."

Vijana waliokuwa wamesogea wakarudi nyuma. Mwenyekiti akajifuta shingo. "Sasa itabidi tuandike kwamba hukuhudhuria."

"Niko hapa," Zayituni akasema. "Mnaniona. Andikeni kwamba mnaniona."

Nilishauri tushuke sisi. Kulikuwa na kivuli, na viti vinabebeka bila kuona aibu. Mwenyekiti alinieleza, bila hasira, kwamba tume haishuki. Kikao kikitoka kwenye chumba kilichopangwa, kinakuwa mazungumzo, na mazungumzo hayapokei rampa. Nikashauri basi wamruhusu apande ili aje kuruhusu kupanda. Mjumbe mmoja akaanza kucheka, akaona wengine hawacheki, akakohoa. Fundi Bahati, ambaye alikuwa ameitwa kama mjenzi, alisema kitu kwa Kifuliru, lugha ya kwao, ambacho sikukielewa na ambacho sikuomba kitafsiriwe.

Jua likapanda. Rekta, mtu wa adabu, hakutaka mgeni wa tume yake akae na kiu, akaagiza Zayituni ateremshiwe soda. Mhudumu akashuka nayo kwenye sinia, yenye kitambaa. Zayituni alishukuru, akainywa taratibu yote, mbele yetu. Mhudumu akanyoosha mkono kuchukua chupa tupu. Mnajua kwetu chupa tupu ilivyo. Bila kuirudisha hupewi nyingine.

"Hapana," Zayituni akasema. "Waambie waje waichukue wenyewe."

Mhudumu alipanda akaufikisha ujumbe huo mbele ya tume, neno kwa neno, kwa sababu hivyo ndivyo alivyotumwa. Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa kwa kukosekana kwa mjumbe anayeonekana. Waliandika hivyo. Nilikuwepo wakiandika, na mjumbe aliyekohoa ndiye aliyependekeza neno "anayeonekana".

Walipokuwa wanaondoka ilibidi wapite karibu naye. Mwenyekiti alisimama, akaitazama ile rampa muda mrefu kwa macho ya mtu wa kazi, akainama, akapitisha kiganja kwenye saruji. "Imejengwa vizuri," akasema, pengine kwa Bahati, pengine kwa nafsi yake. Zayituni alimnyooshea chupa. Mwenyekiti alisita, kisha akapanda gari bila kuipokea. Nadhani alikuwa mtu mwema. Wote walikuwa watu wema; hilo ndilo nisilolijulia dawa.

Nimestaafu sasa. Niko Nyarusange, nalima mihogo na kusikiliza majirani wakibishana kuhusu mvua, mahali ambapo jambo likiamuliwa jioni linafanywa asubuhi, isipokuwa la ng'ombe. Kiti changu amekichukua mmoja wenu, naye amekwisha kwenda Muyinga na kurudi kimya, kwa hiyo najua alikunywa chai. Tume imeahidi kurudi, tarehe itapangwa.

Juzi Zayituni alinipigia simu. Ratiba ya mitihani imebandikwa. Mtihani wa kwanza ni wa sheria ya utawala, nao uko darasa la juu. Amesema atafika mapema kuliko wote na kukaa penye kamba, na habebwi. Nilimpigia rekta, akaniambia kwa ule upole wake kwamba anamwombea binti afaulu, na kwamba kamba haiwezi kuondoka kabla ya mapokezi. Nilimpigia Mzee Salvatori pia. Nilimuuliza kama akiamriwa na mtu yeyote ataifungua. Akaniuliza: "Mtu yeyote ni nani?"

Mtihani ni Jumatatu. Leo ni Ijumaa, nanyi bado mko ofisini.